Shangazi wa Pikipiki: Kata mbao kwanza, ndipo ununue raiza

*Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu raiza, yaani vile vipande vya aluminiamu vinavyofungwa chini ya usukani ili uinuke. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwandishi wake anaumia kila siku, na najua hayuko peke yake.*

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, urefu wangu ni sentimita 188. Pikipiki yangu ni ya sisi 250, haina kioo cha kukinga upepo. Naiendesha saa moja na nusu kwenda kazini na saa moja na nusu kurudi, siku sita kwa wiki. Nikifika dakika arobaini hivi, kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, na katikati ya mabega panauma kama nimebeba gunia. Barabara ikiwa mbovu nikasimama kwenye vikanyagio, ndiyo kabisa, nainama kama naokota kitu chini. Rafiki yangu anasema ninunue raiza za milimita 50 nimalize kazi. Je, 50 ni sawa? Naweza kuzifunga mwenyewe? Na zina ubaya gani? – Mrefu Mwenye Ganzi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu umetaja vidole. Wengi huniandikia "mikono inakufa ganzi" basi, wakati vidole ndivyo vinavyosema kosa liko wapi.

Kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete vinahudumiwa na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, chini ya ule mnofu wa karibu na kifundo. Ukiegemea mnofu huo kwa dakika arobaini, huku injini ikitetemesha gripu, mshipa unabanwa na vidole vyake vinalala. Kama vingekuwa gumba, cha shahada na cha kati, ningekuuliza kuhusu mkunjo wa kifundo cha mkono, maana vidole hivyo vina mshipa mwingine unaopita katikati ya kifundo, nao huumia zaidi mkono unapokunjwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo wewe unaegemea. Kifua chako kinalala mbele na viganja ndivyo vinavyokibeba. Mkono wa kulia unatangulia kuumia kwa sababu wa kushoto hupata nafasi ya kuachia gripu na kujinyoosha, ila wa kulia ukiachia ekseleta pikipiki inapunguza mwendo. Na kama ganzi inakufuata hadi kitandani usiku, au vidole vimeanza kupoteza nguvu ya kushika, nenda ukamwone daktari wiki hii hii. Usisubiri raiza.

Sasa, kwa nini unaegemea? Kwa urefu wako, inawezekana kabisa usukani uko chini na mbali kuliko mikono yako inavyotaka. Lakini inawezekana pia kiti kimeinamia mbele, kila ukifunga breki unateleza kuelekea tangi, na unajisukuma kurudi nyuma kwa viganja pasipo kujua. Hilo raiza haziliponyi. Tazama suruali yako ukishuka: kama kila siku unaivuta mapajani kwa sababu imejikusanya huko, unateleza. Anza na kiti.

Tukishakubaliana kuhusu kiti, fanya jaribio hili. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Kama haina, mtu aishike wima kutoka nyuma. Kaa pale unapokaa kweli ukiwa safarini, miguu kwenye vikanyagio. Fumba macho. Pandisha mabega hadi masikioni kisha yaachie yaanguke yenyewe. Halafu inua mikono mbele kama unayepokea sinia, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo, usimame pale unapojisikia huru. Usifumbue macho. Mtu wa pili apime kwa rula kutoka viganja vyako hadi kwenye gripu: juu kiasi gani, na nyuma kiasi gani. Rudieni mara tatu. Macho lazima yafumbwe, kwa sababu ukiyafumbua mikono inaifuata gripu ilipo, nawe utaniandikia kwamba kila kitu kiko sawa.

Vipimo hivyo viandike kwenye karatasi. Lakini kabla ya kutoa hela, kuna mambo mawili ya bure. La kwanza ni leva za breki na klachi. Ukiweka vidole viwili juu ya leva, mstari kutoka kiwiko hadi ncha za vidole unapaswa kuwa umenyooka. Kwenye pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu leva zimepandishwa mno, hivyo kifundo kinavunjika kwenda juu kila unapoishika klachi. Legeza bolti za kishikio chake, zishushe kidogo, kaza. La pili ni usukani wenyewe: ukilegeza klempu, yaani vibanio vinavyoushika usukani, unaweza kuuzungusha kidogo kuja kwako. Kidogo tu, maana ukiuzungusha sana gripu zinainama chini na viwiko vinakubana mbavuni. Kwenye usukani mara nyingi kuna alama ya nukta inayolingana na ukingo wa klempu, nayo ndiyo inayokuonyesha mahali pa kurudi ukikosea. Endesha siku tatu hivyo. Nimewahi kumrudishia mtu raiza zake zikiwa bado ndani ya pakiti kwa sababu kushusha leva kulitosha. Wewe kwa sentimita 188 sidhani kama kutatosha, hasa kwa hiyo habari ya kuinama ukisimama, lakini jaribu.

Kisha kata mbao. Hili ndilo jambo ninalotaka ulichukue kwenye jibu langu hata ukiyasahau mengine yote. Tafuta ubao mgumu, kata vipande viwili vya milimita 20, viwili vya 30 na viwili vya 40. Funika tangi kwa blanketi nzito. Fungua vifuniko vya klempu, nyanyua usukani, vilaze vipande vya 20 pale usukani ulipokuwa umelala, urudishe usukani juu yake na uufunge kwa mpira au kamba usiteleze. Usiende nao popote, ni wa kukalia tu. Sasa ukae, ufumbe macho tena, uone. Halafu, na hapa ndipo pana uzito, mwenzako ainue gurudumu la mbele, au aelemee nyuma ya pikipiki, ili ligeuke kwa urahisi, kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, polepole, ukitazama nyaya na paipu ya breki. Panda hadi 30. Rudia. Panda hadi 40. Rudia.

Utaona jambo ambalo tangazo la muuzaji haliwezi kukuambia. Kwa 20 kila kitu kinakwenda vizuri. Kwa 30 pengine paipu ya breki inaanza kunyooka usukani ukiwa mwisho wa kona, ile tao yake nzuri inapotea. Kwa 40 inakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, imekazana kutoka masta silinda, kile kikopo cha mafuta ya breki kwenye usukani, hadi kwenye shokapu. Ukishaliona kwa macho yako hutamsikiliza tena mtu anayekuambia milimita 50 umalize kazi. Kimo chenyewe si tatizo. Kila kitu kilichofungwa kwenye usukani kilikatwa kiwandani kwa urefu wa usukani wa kiwandani: waya wa klachi, nyaya za ekseleta, paipu ya breki, na ule mkia wa nyaya za swichi unaoingia nyuma ya taa. Ukipandisha usukani, vyote hivyo vinadaiwa urefu ambao havina.

Mimi nilijifunza hili kwa njia mbaya. Nilikuwa na miaka 26, na pikipiki ya kabureta niliyoipenda sana. Nilifunga raiza za milimita 40 jioni moja, nikakata usukani kushoto na kulia, nikaona unafika mwisho pande zote, nikalala nimeridhika. Injini ilikuwa imezimwa. Asubuhi nilikuwa nageuza kwenye njia nyembamba, usukani umekatwa kushoto hadi mwisho, gia ya kwanza, na injini ikapaa yenyewe. Mkono wangu haukuwa umezungusha chochote. Usukani ukikata kushoto gripu ya kulia inasogea mbele, waya wa ekseleta ukanyooka hadi ukakosa pa kwenda, ukaivuta kabureta ikafunguka. Nilibana klachi nikiwa nimebakiza upana wa viganja viwili kufika ukutani. Nakumbuka sauti ya injini ile ikilia bure, nami nimeshika klachi kwa vidole vyote vinne, naogopa hata kuinyoosha pikipiki. Ukiinyoosha inatulia. Sikulijua hilo wakati ule.

Ndiyo maana jaribio la mwisho hufanywa injini ikiwa inawaka. Nje, mahali pa wazi, gia huru, pikipiki kwenye stendi. Iache ingurume taratibu, kisha kata usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, ukisikiliza. Mngurumo ukipanda hata kidogo, waya umebanwa. Usijifariji kwamba ni kidogo. Klachi nayo ijaribu: ule ulegevu mdogo kwenye leva kabla waya haujaanza kuvuta lazima ubaki usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Ukipotea upande mmoja, klachi yako itakuwa inashikwa nusu kila ukikata kona, na sahani zake zitaungua.

Je, ununue za kimo gani? Kwa pikipiki nyingi, milimita 20 hadi 30 hupita bila kubadili paipu wala waya, wakati mwingine kwa kuzipitisha njia nyingine tu: waya uliokuwa unazunguka mbele ya shokapu unapitishwa nyuma yake, au unafunguliwa kwenye kibanio cha plastiki kilichokuwa kinaushika mfupi. Na paipu ya breki, pale inapoungana na masta silinda, inaweza kugeuzwa pembe kidogo ikapata sentimita moja au mbili. Lakini ukiigusa bolti ile umefungua mfumo wa breki. Washa za shaba zibadilishwe mpya, mafuta ya breki yaongezwe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, upepo utolewe wote, na kama pikipiki ina ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisikwame, kazi hiyo mpe fundi mwenye vifaa vyake. Mafuta ya breki yakidondokea tangi yanakula rangi, basi weka ndoo ya maji karibu na umwagie mara moja.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu vipimo ulivyoviandika kwenye karatasi. Shingo ya usukani haikusimama wima, imelala kuelekea nyuma. Raiza iliyonyooka hufuata mlalo huo huo. Tuseme shingo yako ina mlalo wa digrii 26: raiza za milimita 30 zitapandisha usukani kama milimita 27 na kuuvuta kwako kama 13. Za 50 zingeupandisha 45 na kuuvuta 22. Kwa hiyo hata raiza isiyoandikwa kwamba inarudisha nyuma, inarudisha. Mara nyingi hiyo ni neema. Lakini kata usukani hadi mwisho uone gumba lako liko wapi. Nafasi kati ya swichi na tangi ikiwa ndogo kuliko unene wa gumba, siku moja utalibana ukigeuza kwa haraka, na hutaweza kuachia klachi.

Kuzifunga mwenyewe unaweza, kama una utulivu na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Usipokuwa nayo, azima. Kabla ya kununua, pima unene wa usukani pale unapobanwa na klempu: sukani nyingi ni milimita 22.2, zile nene za kisasa ni 28.6 hapo katikati, na za pikipiki kubwa za starehe mara nyingi ni 25.4. Raiza ya 28.6 kwenye usukani wa 22.2 haitabana kitu, hata ukaze namna gani.

Ukifungua usukani, usiuache ukaning'inia, na usiiache masta silinda ya breki ikapinduka, upepo utaingia ndani. Mimi huulaza usukani mbele ya tangi juu ya blanketi, nikiuweka mkono mmoja muda wote. Pangusa mahali raiza zitakapokaa mpaka pang'ae, maana chembe ya mchanga hapo huifanya raiza ikae upande. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Na uhesabu. Bolti ya kawaida ya milimita 8 hushuka milimita 1.25 kila mzunguko mmoja, na kwenye aluminiamu nataka angalau milimita 12 za uzi zilizoshikana. Hiyo ni mizunguko kumi. Ukihesabu minne au mitano bolti ikagoma, usiseme "imeshika". Bolti hiyo ni fupi, na siku utakayofunga breki ya ghafla ukiwa umeegemea usukani kwa uzito wako wote, uzi utang'oka. Tumia bolti zilizokuja na raiza, au za nguvu ile ile iliyopigwa muhuri kichwani: 8.8, 10.9, 12.9. Bolti isiyo na namba kichwani haina kazi kwenye usukani.

Nguvu ya kukaza ichukue kwenye kitabu cha pikipiki au karatasi ya raiza. Kwa bolti za milimita 8 za klempu mara nyingi ni kati ya Newton-mita 20 na 28. Angalia pia kama kifuniko cha klempu kina nukta au mshale. Kwenye pikipiki nyingi alama hiyo hutazama mbele, na bolti za mbele hukazwa kwanza hadi uwazi wa mbele uzibe, kisha za nyuma, uwazi ukibaki nyuma. Nyingine hutaka nafasi sawa mbele na nyuma. Soma, usikisie. Baada ya safari ya kwanza kagua bolti zote, kisha tena baada ya wiki moja.

Na ubaya uliouliza? Upo, nitakuambia wazi. Utakaa wima zaidi, kwa hiyo kifua chako kitapokea upepo wote, nawe huna kioo. Kwenye mwendo mkubwa utajikuta unajivutia kwenye usukani, na mabega yanaweza kulalamika kwa sababu mpya. Uzito uliotoka viganjani umehamia makalioni. Gurudumu la mbele litabeba uzito mdogo kidogo, na utalihisi kidogo zaidi kwenye kona za kasi. Kwa mtu anayekwenda kazini hilo ni dogo. Vioo vya pembeni utavirekebisha upya, usisahau, siku ya kwanza utakuwa unatazama viwiko vyako.

Kwa hiyo, mwanangu: kiti, leva, mbao, kisha raiza za 30 kama mbao zimekubali. Ukitaka za 50, nunua pamoja nazo paipu ya breki na nyaya ndefu zaidi, zote siku hiyo hiyo. Zisije baadaye.

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mwanamke mfupi, sentimita 154. Nikikaa kwenye pikipiki yangu mikono inanyooka kabisa, na nikikata kona kali bega la nje linavutwa hadi naacha gripu. Mume wangu ameniletea raiza za milimita 25 kama zawadi. Zitanisaidia? – Mikono Mifupi

Salama, binti yangu, na zawadi hiyo imekuja kwa nia njema. Lakini tatizo lako ni umbali, si kimo. Za mume wako zitakuvutia usukani kama milimita 11 tu, na kukupandishia 22 ambazo hukuziomba. Kwa mtu mfupi, usukani uliopanda sana unafanya mikono ining'inie juu na mabega yachoke haraka zaidi.

Unachohitaji ni raiza za kurudisha nyuma, ambazo tundu la chini na klempu ya juu havikulingana, ya juu imesogezwa kuja kwako kwa milimita 20 au 30. Nyingine hupandisha kidogo sana. Au ubadilishe usukani wenyewe uchukue ambao mikono yake imekunjwa zaidi kuelekea kwa dereva. Kabla ya vyote hivyo, zungusha usukani wako kidogo kwenye klempu, ukae, ukate kona hadi mwisho. Kipimo chako ni bega la nje: kama mgongo wako unabaki kwenye kiti chake na kiwiko kimebaki na mkunjo japo mdogo, umefika. Hilo la kuacha gripu kwenye kona usilizoee hata siku moja. Mpaka utakapolitatua, kona kali zipite kwa kushuka na kuisukuma.

Na pima gumba na tangi. Usukani unaorudi nyuma hugusa tangi mapema kuliko unaopanda.

Shangazi, pikipiki yangu ni ya michezo, ile ambayo kila gripu imefungwa peke yake kwenye bomba la shokapu. Kuna raiza zake? – Mgongo Upinde

Hizi za barua za juu hazikufai, kwa sababu huna usukani mmoja wa kunyanyua. Gripu zako zimeshikwa na vishikio viwili vinavyobana mabomba ya shokapu, chini ya sahani ya juu, kile chuma kinachoyashika mabomba hayo kwa juu, au juu yake kidogo. Vipo vishikio vilivyotengenezwa na kimo cha kupandisha, hununuliwa kwa unene wa bomba lako, kwa hiyo lipime kwa kalipa, usikadirie. Ukisikia mtu anakushauri upandishe mabomba ya shokapu ndani ya sahani zake ili upate mahali pa juu pa kubana, kataa. Hapo anashusha pua ya pikipiki na kubadilisha inavyogeuka, jambo zito ambalo halihusiani na mgongo wako. Na kwenye pikipiki hizo mwili wa plastiki uko karibu sana na mikono: kila milimita unayopanda, kata usukani uone leva inagusa wapi.

Shikamoo Shangazi. Nilifunga raiza mwezi uliopita, bolti nimekaza mpaka spana ikalia, kila kitu kigumu. Lakini nikipita kwenye shimo nikiwa nimesimama, usukani unazunguka kidogo kuelekea mbele. Nikivuta kwa nguvu unarudi. Je, nikaze zaidi? – Nimekaza Lakini

Marahaba. Usikaze zaidi, na usiiendeshe leo.

Bolti ngumu si lazima iwe imebana. Nadhani kilichotokea ni hiki: bolti zako ni ndefu kuliko tundu. Raiza nyingi zina matundu yasiyotokeza upande wa pili. Bolti ikishuka ikagota kwenye sakafu ya tundu, spana yako inapata ugumu wote inaoutaka, inalia, nawe unaamini. Kumbe kichwa cha bolti hakijaugusa sawasawa mfuniko, na usukani umekaa tu ndani ya klempu kama mtu aliyelala kwenye kitanda kisicho chake.

Uhakikishe hivi. Fungua bolti moja, chukua kijiti chembamba, kiingize kwenye tundu hadi chini, weka alama ya ukucha pale kinapotokeza, ukipime. Kisha pima ile sehemu ya bolti inayotokeza chini ya mfuniko ukiwa umeuvalisha. Sehemu hiyo lazima iwe fupi kuliko tundu, kwa milimita mbili angalau. Ikiwa sawa au ndefu zaidi, umepata jibu. Fanya hivyo kwa bolti zote nne, kwa sababu nimeona matundu ya raiza moja yakitofautiana.

Kama urefu uko sawa, basi tazama mambo mawili. La kwanza ni unene: huenda klempu za raiza ni za usukani mnene kuliko wako. Ukifungua mfuniko utaona usukani umekwaruzwa mahali pembamba kama uzi badala ya kuzunguka kote. La pili ni mafuta. Mtu akipaka grisi kwenye klempu ili usukani usikwame, ameufanya uteleze. Pangusa usukani na ndani ya klempu kwa kitambaa na spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe.

Kuna uwezekano wa mwisho, ambao utaujua kwa kushika. Muombe mtu asukume usukani mbele na nyuma, huku wewe umeweka kidole pale usukani unapoingia kwenye klempu, nusu ya kidole juu ya chuma hiki na nusu juu ya kile. Ukihisi vyuma viwili vinapishana, ni klempu. Usipohisi chochote hapo, teremsha kidole hadi pale raiza inapokutana na sahani ya juu. Kama ni klempu nzima inayoyumba, pikipiki yako ina mipira ya kupunguza mtetemo ndani ya sahani hiyo, na raiza zimeirefusha nguzo inayoiegemea, kwa hiyo mipira iliyochoka inaonekana sasa wakati zamani ilijificha. Mipira hiyo hubadilishwa, bolti zake ziko chini ya sahani.

Bolti zote zilizokazwa mpaka zikagota sakafuni zitupe, ununue nyingine za urefu sahihi, za namba ile ile kichwani. Uzi wa tundu uuangalie kwa tochi: ukiona unga wa aluminiamu au uzi umelala, tundu limeliwa, na raiza hiyo usiifunge tena. Ukishamaliza, simama kando ya pikipiki, shika gripu zote mbili, ulalie usukani kwa uzito wako wote kuelekea chini, mara tano. Weka alama ya kalamu inayovuka kutoka kwenye klempu hadi kwenye usukani kabla hujaanza. Alama ikikatika katikati, rudi mwanzo. Ikibaki mstari mmoja, panda.